Kama Mungu ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, mimi nalaumiwa kwa nini?

fundi_wa_kimara:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naomba msaada wa kulielewa neno moja. Atakayejibu nampa shukrani mapema, ila asinirushie mistari tu akaondoka, maana mistari ninayo.

Jumatano kwenye jumuiya yetu tulisoma Kutoka sura ya 9. Aliyekuwa na zamu ya kuongoza akafika mstari wa 12, pale kwenye pigo la majipu, kwamba BWANA akaufanya moyo wa Farao kuwa mgumu. Nikanyoosha mkono. Nikauliza: kama Mungu ndiye aliyeufanya mgumu, kosa la Farao ni lipi? Watu wakatazamana. Kiongozi akasema muda umekwenda, tuimbe wimbo wa kufunga. Tukaimba, tukanywa chai, nikarudi nyumbani na swali langu.

Nieleze kwa nini linanisumbua hivi.

Mimi ni fundi seremala, naishi Kimara, kwetu Machame. Ni mzaliwa wa kwanza, tuko watano. Kwa mila zetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, nyumba na kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, vinamwangukia yeye. Hilo sikuwahi kuligombea. Baba alinionyesha kipande changu akiwa hai, upande wa chini unakopita mfereji, na mwaka 1998 tukapanda masale mimi na yeye kwa mikono yetu, yeye akichimba, mimi nikichomeka. Kwa asiyejua: sale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Haufi kirahisi. Ukikata kitawi ukakichomeka kwenye udongo kinachipua. Kwa wazee wetu hiyo ndiyo hati ya ardhi.

Baba alifariki 2015. Mwaka 2018 jirani akanipigia simu: kipande chako kinachimbwa msingi. Mdogo wangu alikuwa amekiuza. Masale yameng'olewa, yamelundikwa kando ya mfereji. Sikuambiwa, wala sikuona hata shilingi. Alipoulizwa akasema mtoto wake alikuwa amelazwa na pesa za matibabu hana. Ni kweli mtoto alikuwa amelazwa, hilo silikatai. Lakini simu yangu anayo. Angepiga.

Tangu hapo hatusemezani. Krismasi naenda, Wachaga mnatujua, Desemba hatubaki mjini. Ila nalala kwa baba mdogo, na kwa mama nafika mchana, saa ambayo najua mdogo wangu hayupo.

Desemba iliyopita alinifuata. Ilikuwa jioni, tumekaa sebuleni kwa baba mdogo, akaingia ameongozana na mjomba. Mkononi ana kitawi cha sale. Wachaga wenzangu hapa hawahitaji kuelezwa. Mtu akikuletea sale amekuja kukiri kosa na kuomba msamaha, na wazee wanasema sale halikataliwi. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, lakini kucha zilikuwa na tope, maana alitoka kulikata muda huohuo. Akalinyoosha kwa mikono miwili. Mimi nimekaa. Nikalitazama, lilikuwa na majani manne. Nikamwambia mjomba, si yeye, mjomba: "Mwambie arudishe kwanza alichouza."

Hakuna aliyesema kitu. Mjomba akalichukua, akaliweka mezani. Lilikuwa bado pale asubuhi, kando ya chupa ya chai, nilipobeba begi nikaondoka.

Mama ana miaka 81. Nilipompigia kumwambia nimefika salama alinijibu maneno matatu: "Mwanangu, umeshupaza shingo." Akakata simu. Nikaenda kutafuta, nikaikuta Mithali 29:1, aonywaye mara nyingi akishupaza shingo atavunjika ghafula, wala hapati dawa.

Nimeomba tangu Januari. Nasema Baba Yetu kila siku asubuhi, na nikifika "kama sisi tunavyowasamehe" najisikia mwongo mbele za Mungu. Moyo haulegei. Sasa Jumatano niliposoma ule mstari wa Farao, niseme kweli, nilipata nafuu. Nikasema kumbe. Kama Mungu anataka nisamehe, na mioyo yetu iko mkononi mwake, mbona wangu haufungui? Atanidai vipi kitu ambacho mwenyewe hajanipa? Labda ndiye aliyeufunga.

Nawasikiliza.

Sauti_ya_Nyikani:

Mpendwa, majibu yako Warumi 9:18. "Atakaye kumrehemu humrehemu, na atakaye kumfanya mgumu humfanya mgumu." Mstari wa 20 unauliza, wewe u nani umjibuye Mungu? Udongo haumhoji mfinyanzi. Acha kuhoji, ingia kwenye maombi ya kufunga siku tatu, kemea roho ya ukaidi itoke kwa jina la Yesu. Ubarikiwe.

fundi_wa_kimara:

Amina. Nimeshafunga, mpendwa, mara mbili. Siku ya tatu nilikuwa na njaa na hasira vilevile.

Mwinjilisti Mstaafu:

Tumsifu Yesu Kristo, fundi.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku Iramba, Singida. Nina miaka 74 na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilie nikichelewa na nikirefusha.

Swali lako ni halali, wala usikubali mtu akunyamazishe kwa kukwambia u nani wewe. Ila habari ya Farao umeianzia katikati. Rudi sura ya 5, anapofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Anasema: BWANA ni nani, hata niisikilize sauti yake? Hapo hakuna pigo lililoanguka bado, wala hatujaambiwa kwamba kuna aliyemgusa moyo. Kisha hesabu. Damu, vyura, chawa, inzi, tauni ya mifugo. Katika hayo matano, kila mara tunasoma ama moyo wake ulikuwa mgumu, ama yeye mwenyewe aliufanya mzito. Ni pigo la sita, hilo la majipu mlilosoma Jumatano, ndipo inasemwa kwa mara ya kwanza kwamba BWANA aliufanya mgumu. Sikufichi, Mungu alikuwa amekwisha kumwambia Musa tangu sura ya 4 kwamba atafanya hivyo, na ndugu aliyekuletea Warumi 9 ana mahali pa kusimama. Kanisa limebishana juu ya hilo miaka na miaka, na sisi wawili hatutalimaliza hapa. Lakini mtu aliyefika pigo la sita ni mtu aliyekwisha kukataa mara tano.

Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba Kiebrania hapo hakina neno moja. Kuna neno la kuwa mzito, kuna la kuwa mgumu, na kuna la kukaza, kutia nguvu. Kwenye majipu ni hilo la kukaza. Nilivyoelewa mimi, Mungu alikaza fundo ambalo Farao alilifunga mwenyewe. Na huo "uzito" una jambo. Wamisri wa kale waliamini kwamba mtu akifa moyo wake unawekwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya, na moyo ukizidi uzito amepotea. Kwa hiyo Musa anapoandika kwamba Farao aliufanya moyo wake kuwa mzito, Mmisri yeyote angesikia hukumu humo.

Martin Luther alipomjibu mwanazuoni Erasmus mwaka 1525 juu ya jambo hilihili alitoa mfano wa mpanda farasi aliyekalia farasi kilema. Farasi anakwenda kwa sababu ya mpandaji, lakini kuchechemea ni kwa miguu yake mwenyewe. Mfano huo nimeubeba tangu chuoni. Hauniridhishi wote, ila umenizuia mara nyingi kumsingizia Mungu uchechemeaji wangu.

Sasa nakuomba usome sura ya 8 polepole, vyura. Vyura wamo tanuuni, wamo kwenye vyombo vya kukandia unga, wamo kitandani kwa mfalme. Musa anamuuliza: niambie ni lini nikuombee waondoke. Fundi, wewe ungesema nini? Ungesema sasa hivi, kabla sijakaa. Farao alijibu neno moja: "Kesho." Akalala na vyura usiku mmoja zaidi kwa hiari yake.

Nimehubiri ukaidi miaka 38, na nimeona watu wachache mno wanaomwambia Mungu "sitaki". Yule mwana katika Mathayo 21 aliyemwambia baba yake "sitaki" alikwenda shambani mwishowe. Tulio wengi tunasema kesho. Agustino, Mwafrika mwenzetu wa Thagaste, ambayo leo iko Algeria, ameandika mwenyewe kwamba aliomba Mungu ampe usafi wa maisha, lakini si sasa hivi. Alijikuta bustanini Milano mwaka 386 analia, anajiuliza hadi lini atasema kesho, kesho. Alikuwa profesa, maandiko anayajua, hoja zote zimekwisha. Kilichobaki ni kesho.

Nami nikwambie la kwangu, kwa sababu sistahili kukufundisha hili nikiwa nimesimama juu ya kiti.

Nilikuwa na msharika mmoja, mkulima, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia yake ameiweka gotini. Zililetwa habari kwamba amerudia matambiko. Nikaamini. Nikashauri atengwe na Meza ya Bwana, akatengwa. Hakujitetea. Aliendelea kuja, benchi lilelile, na sisi tukienda kushiriki yeye anabaki amekaa, anaishika kofia kwa mikono miwili. Baada ya muda ikabainika ni uongo, aliyeleta habari alikuwa na ugomvi naye wa mbuzi. Nilijua nifanye nini. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno nikasema nitangoja mkutano wa wazee, jambo lifanyike kwa utaratibu. Mvua za kwanza zikaanguka, nikasema njia ina tope. Akafa wiki hiyo, homa ya siku tatu. Nilimzika mimi. Mke wake alinishukuru kwa ibada nzuri. Ile kofia ilikuwa imewekwa juu ya jeneza.

Hakuna siku niliyomwambia Mungu "sitaki kwenda". Hata moja.

Tena angalia jinsi Farao alivyokuwa akipunguza bei. Kwanza: mtolee Mungu wenu dhabihu, lakini hapahapa Misri. Kisha: nendeni, ila msiende mbali sana. Kisha: waende wanaume tu. Mwisho: nendeni wote, ila kondoo na ng'ombe waachwe. Kila mara anatoa kitu, na kila mara anabakiza mkono mmoja umeshika. Wewe Krismasi unakwenda, lakini unalala kwa baba mdogo. Mama unamsalimu, lakini saa ambayo mdogo wako hayupo. Utasamehe, lakini arudishe kwanza kiwanja ambacho nyumba ya mtu imekwisha kujengwa juu yake, jambo ambalo unajua hawezi.

Nimalizie na ng'ombe, kwa sababu huku kwetu tunalima kwa maksai. Sauli alipoanguka njiani kwenda Dameski aliambiwa, kama anavyosimulia mwenyewe Matendo 26, ni vigumu kwako kuupiga mateke mchokoo. Mchokoo ni fimbo ndefu yenye ncha, ya kumsukuma ng'ombe mbele akiwa nirani. Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kutangulia na kamba, baba ameshika plau nyuma. Tulikuwa na dume mmoja mwekundu, mwenye nguvu kuliko wote, na mkaidi kuliko wote. Akichokozwa anarusha teke nyuma, na teke linakutana na ncha. Jioni tukimfungua alikuwa na vidonda juu ya kwato vinavyotoka damu, na mwenzake wa nira moja, aliyetembea tu, hana hata mkwaruzo. Baba alikuwa akimpaka mafuta kwenye vile vidonda usiku kwa taa ya kandili, anamsemesha kwa Kinyiramba, anamuuliza kwani unashindana na nani.

Hizo hasira zako za siku ya tatu ya kufunga, na huko kujisikia mwongo kwenye Baba Yetu, mimi sidhani ni dalili kwamba Mungu ameufunga moyo wako. Aliyefungwa hasikii ncha. Wewe umeomba tangu Januari akufungulie moyo. Lakini Desemba, kabla hujaomba, alikwisha kumtuma mtu sebuleni kwenu na tope kwenye kucha.

Mama Neema:

Naomba niseme na mimi, mtanisamehe nikiwa mkali.

Mwinjilisti, maneno yako yamenigusa, hasa ya yule mzee wa kofia. Lakini haya mahubiri ya shingo ngumu nimeyasikia upande mwingine. Mwaka 2009 niliondoka kwa mume wangu baada ya kuvunjwa mkono wa kushoto, mpaka leo haunyooki vizuri. Wazee wa kanisa walikuja kwa dada yangu nilikokimbilia. Walikuja watatu, na Biblia. Wakanisomea mstari wa Samweli kwa Sauli, kwamba kuasi ni kama dhambi ya uchawi na ukaidi ni kama ukafiri na vinyago. Wakasema kukataa kurudi ni kupingana na mapenzi ya Mungu. Nilikuwa nimekaa na mkono kwenye plasta nasikia naitwa mchawi.

Sikurudi. Kama ningelegeza shingo siku ile nisingekuwa hapa kuandika.

Vijana waliochomwa Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuikana imani, kwa mfalme wao Kabaka Mwanga walikuwa wakaidi. Leo tunawaita mashahidi. Kwa hiyo swali langu ni hili: nani anaamua kwamba huu ni ukaidi kwa Mungu na huu ni msimamo? Maana mara nyingi anayeamua ni mwenye nguvu, na anayeambiwa alegee ni aliyeumizwa. Na wewe fundi ndiye uliyedhulumiwa, tusisahau. Mwenye kosa hapa aliuza kisicho chake. Kusamehe ni kitu kimoja, haki ya ardhi ni kitu kingine, na kukubali sale si kuandika kwamba hukudhulumiwa. Mkae mbele ya wazee na majirani wa mipaka, ijulikane alichukua nini na atalipa vipi, hata kwa kidogo kidogo. Mtu asikutishe kwamba kudai ni dhambi.

Mwinjilisti Mstaafu:

Mama Neema, pole sana. Wale wazee walikukosea, na walilikosea lile Neno. Sikuwa mmoja wao, lakini nimekaa kwenye mabaraza yaliyosema hivyo na sikunyanyua mdomo. Naomba radhi kwa sehemu yangu.

Uliyouliza nimeyatafuta usiku huu, na nimeyakuta kwenye kitabu kilekile cha Kutoka, sura ya 1, kabla Musa hajazaliwa. Kuna wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao mwingine, aliyetangulia, anawaamuru waue watoto wa kiume wa Waebrania. Wanakataa. Na Maandiko yanasema Mungu akawatendea mema wakunga hao. Kwa hiyo kitabu kinachotuonyesha shingo ngumu kuliko zote kimefunguliwa na wanawake wawili waliokataa amri, na kinawasifu. Wao walikuwa wanalinda mtoto wa mtu mwingine, Farao alikuwa analinda kiti chake. Wewe ulikuwa unalinda uhai wako na wa watoto. Aliyekuvunja mkono hakuja na sale, alituma wazee waje na mstari.

Kuhusu fundi kudai haki yake, nakubaliana nawe. Sikumwambia aache kudai. Nilimwambia asilitumie dai kama kufuli. Nililisema vibaya, umefanya vyema kulinyoosha.

Sauti_ya_Nyikani:

Mwinjilisti, hapo kwa Shifra na Pua umenifundisha. Fundi, nisamehe kwa jibu la haraka. Nimerudi kusoma Ezekieli 36:26, nami nitatoa moyo wa jiwe uliomo ndani ya mwili wenu. Anayeutoa ni yeye. Nakuombea.

fundi_wa_kimara:

Wapendwa, nimekaa kimya siku nne, msidhani nimekasirika. Ile ya kupunguza bei ilinikalia vibaya. Nilikuwa karakana naranda fremu ya mlango, mninga, nikaacha randa nikakaa juu ya benchi. Kijana wangu wa kazi akauliza kama naumwa.

Mama Neema, asante. Ulikuwa wa kwanza kusema kwamba nimedhulumiwa bila kuniambia niendelee kukasirika. Sikujua kama hivyo viwili vinaweza kutengana.

Mwinjilisti, nimekaa na yule mzee wako wa kofia. Mama ana miaka 81, mdogo wangu ana 44. Nani alisema atakayetangulia lazima awe mama.

Jana nikampigia mama. Nikamuuliza lile sale mjomba alilipeleka wapi, nikitegemea aseme lilitupwa. Akasema mjomba alimpelekea yeye asubuhi ileile, basi langu halijafika hata Korogwe. Akalichomeka karibu na kaburi la baba, akaliweka vijiti pembeni kuku wasilichakure. Limeota, lina majani mawili mapya. Nikanyamaza. Akasema, "Usidhani hilo ndilo utakalompelekea. Hilo ni lake, alishalileta. Wewe utakata lako." Kisha akaniuliza habari za watoto kama kawaida.

Nimekata tiketi ya Ijumaa, basi la saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Magufuli. Nilitaka kuikata ya wiki ijayo kwa sababu ile fremu mwenyewe anaitaka Jumamosi. Nimempigia mwenye fremu, amekubali kungoja.

Leo jioni nikampigia mdogo wangu, mara ya kwanza tangu 2018. Iliita muda mrefu. Akapokea mtoto, nikasikia kuku na redio nyuma yake. Akasema, "Shikamoo baba mkubwa." Inamaanisha jina langu bado limo kwenye simu ile. Ni yeye aliyekuwa amelazwa mwaka ule, sauti yake sikuwahi kuisikia kwenye simu. Nikasema marahaba, baba yuko wapi? Ameenda kukata majani ya ng'ombe, simu ameiacha inachaji. Nikasema basi mwambie nimepiga. Akauliza, "Nimwambie ulikuwa unasemaje?"

Nikakaa na simu sikioni. Nikamwambia mwambie nakuja Ijumaa, nitalala kwenu.

Sasa ni saa tatu usiku, hajapiga bado. Simu nimeiweka hapa mezani.